"Kienyeji" ni neno la mgeni: niliyoyasikia hotelini Chekalini

Kazi ya kuwatathmini wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha ina jambo moja lisiloandikwa kwenye barua ya kukutuma: humlazimu mhadhiri kula asikokujua. Muhula uliopita kazi hiyo ilinifikisha Chekalini, eneobunge la Lugari, Kaunti ya Kakamega, si mbali na barabara kuu itokayo Webuye kwenda Eldoret. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kutathmini asubuhi hiyo, somo la Kiswahili, Gredi ya 8. Nilikuwa na njaa pia, kwa sababu niliondoka nilikolala kabla ya chai.

Nilikaa nyuma ya darasa na fomu yangu, kama ilivyo ada. Mwalimu wetu mwanafunzi alifundisha vizuri. Sauti yake ilisikika, ubao ulikuwa safi, wanafunzi walishirikishwa. Kisha akapita kati ya madawati akisahihisha insha. Nami nikaomba daftari la mtoto aliyekuwa karibu nami. Mtoto alikuwa ameandika kwamba Jumamosi mama yake alipika saga na mrenda, wakala kwa ugali wa wimbi. Maneno "saga na mrenda" yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Juu yake palikuwa pameandikwa "mboga za kienyeji", na pembeni: "Tumia Kiswahili sanifu."

Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye fomu, sehemu ya usahihi wa lugha, nikaandika: "Masahihisho makini." Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo, kwa kuwa nitairudia kwa aibu kidogo.

Mashauriano kati ya mhadhiri na mwanafunzi hufanywa baada ya kipindi, lakini huyu alikuwa na kipindi kingine mara moja, basi tukaahidiana kuonana saa nane. Nikaenda kutafuta hoteli.

Hapa yafaa nitue kidogo. Neno "hoteli" limeniponza mara nyingi ninapokuwa na wenzangu wa Tanzania. Kwetu Kenya, hoteli ni popote penye sufuria, meza na mtu wa kukuuliza unakula nini, hata kama paa ni mabati matatu. Kwao hoteli ni mahali pa kulala, na pa kula ni mgahawa, au kwa mama ntilie. (Ni jina ninalolipenda sana hilo, kwa kuwa ni sentensi nzima ya mteja, "mama, nitilie", iliyogeuka kuwa nomino.) Sisi tuna "mkahawa" pia, neno lenye kahawa ndani yake, ila hutumika zaidi kwenye vitabu vya shule na kwenye mabango ya mjini. Mtu wa Chekalini hakuelekezi mkahawani. Atakwambia, "Hoteli iko hapo mbele, karibu na posho mili."

Basi niliingia hoteli hiyo iliyo karibu na posho mili. Ukutani, kwa rangi ya bluu, yalikuwa yameandikwa yaliyopo: ugali kuku, ugali matumbo, ugali sosa, chapo dondo, chai, mboga za kienyeji. Angalia ufupi wa lugha ya hoteli. "Ugali kuku" ni nomino mbili zilizogandana bila kihusishi, na hakuna anayedhani kwamba ugali huo umetengenezwa kwa kuku. "Sosa" si mchuzi, ni kile kisahani kidogo cha mboga kinachoandamana na ugali wa mtu asiye na pesa ya nyama. Chapo dondo ni chapati kwa maharagwe, na atakayeuliza "dondo" limetoka wapi atapewa majibu manne na watu watatu. Sarufi hii ya ukutani inastahili makala yake yenyewe. Leo macho yangu yalitua kwenye mstari wa mwisho.

"Mama, hizo mboga za kienyeji ni zipi?"

Mwenye hoteli aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Zipi? Leo iko saga, iko kunde, iko sucha, ile watu wa Nairobi wanaita managu. Mrenda imeisha, lakini msichana ameenda kuchuma. Unataka gani, mzee?"

"Lakini ukutani mmeandika mboga za kienyeji."

"Hiyo ni ya wageni," akasema, huku akipangusa meza. "Watu wa hapa hawasomi ukuta. Wanauliza iko nini."

Nimefundisha mofolojia ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na sidhani kama nimewahi kulieleza neno "kienyeji" vizuri kuliko mama huyo. Tulitazame. Shina lake limo katika "mwenyeji", mtu wa mahali, na mwenyeji hana maana bila mgeni, kama vile kulia hakuna maana bila kushoto. Tukiweka kiambishi ki- tunapata namna ya kufanya jambo: kizungu ni kwa namna ya Wazungu, kitoto ni kwa namna ya watoto, kienyeji ni kwa namna ya wenyeji. Sasa jiulize ni nani huzungumza hivyo. Mwenyeji akiwa jikoni kwake hasemi anapika kwa namna ya wenyeji. Anapika tu. Anayehitaji kusema "kienyeji" ni yule aliyekuja, anayetazama sahani akaona kitu kisicho cha kwao.

Ndiyo maana kwa miaka mingi neno hili lilibeba dharau kidogo. Dawa za kienyeji, pombe ya kienyeji, mambo ya kienyeji: yote yalisemwa na mtu aliyesimama mahali pa juu kidogo akitazama chini. Siku hizi upepo umegeuka. Kuku wa kienyeji ana bei kubwa kuliko yule wa kufugwa kwa chakula cha madukani, na hoteli za Nairobi huandika "kienyeji" kwa herufi kubwa ili wapandishe bei. Lakini dharau au sifa, anayetazama bado ni mgeni yule yule. Na kuna jambo la kuchekesha hapa: sukuma wiki, ambayo asili yake si huku, hakuna aliyewahi kuiita mboga ya kigeni. Ina jina lake, tena jina zuri linalosimulia jinsi mtu anavyoisukuma wiki mpaka mshahara ufike.

Niliagiza saga, pamoja na kuku, kwa kuwa nilikuwa nimeona jogoo wawili nje na nikataka kula mmoja wao kabla hajanikimbia. Nikamwomba mama anionyeshe saga ikiwa mbichi. Akatoka jikoni na fungu mkononi. Jani la vidole vitano, shina lenye vinyweleo, kiua cheupe juu, na ile harufu kali kidogo.

Ilikuwa mwangani.

Mimi ni mtu wa Kwale. Mwangani ulikuwa ukiota nyuma ya zizi letu, na mama yangu alikuwa akitutuma kuuchuma mvua zinapoanza. Sijaula kwa miaka mingi, na nilikuwa nimekaa darasani asubuhi ile nikiridhika kwamba "saga" ni neno geni lililofaa kukatwa, bila kujua linataja jani nililolelewa nalo. Jani hilo hilo katika Kiswahili cha Tanzania ni mgagani. Lina jina jingine la kupendeza la Kiswahili, mkabilishemsi, lililoundwa kwa maneno yenye asili ya Kiarabu: kukabili, na shemsi, yaani jua. Wanaolijua shambani husema majani yake hugeuka kulifuata jua.

Sasa fuata safari ya jina hili katika eneo hili peke yake. Waluhya wengi husema tsisaka. Wabukusu husema chisaka. Ukivuka kwenda kwa Wakisii ni chinsaga, na kwa Wakalenjin utasikia isagek au saget. Wajaluo wana majina yao tofauti kabisa, dek na akeyo. Lakini hao wengine wanashiriki sauti zile zile, s na a na k au g, ingawa Kikalenjin si lugha ya Kibantu. Jina limevuka mpaka wa lugha kama mbegu inavyovuka ua. Na sokoni, ambako muuzaji na mnunuzi hawatoki kwa babu mmoja, viambishi vya kila lugha vimedondoka vikabaki na kiini: saga. Hilo ndilo neno aliloliandika mtoto wa Gredi ya 8. Hakuandika tsisaka. Aliandika neno ambalo Mkenya wa jamii nyingine angelielewa sokoni.

Chekalini ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Sehemu kubwa ya Lugari ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na karibu na uhuru wa 1963 na baada yake ardhi hiyo iligawiwa familia zilizotoka sehemu mbalimbali za Uluhya: Wamaragoli, Wabukusu, Wakabras, Watachoni na wengine. Kila mmoja alikuja na mbegu zake na majina yake. Ukikaa hotelini saa moja utamsikia mmoja akiagiza omurere na mwingine mrenda, na wote wakaletewa sufuria moja. Mrenda wenyewe ni mlenda wa Watanzania, na tofauti ya r na l isimsumbue mtu. Mwenye hoteli alisema "mrenda imeisha". Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angekimbilia kumsahihisha: mrenda umeisha, ngeli ya U-I au U-U. Ni kweli. Lakini mama huyo aliupeleka mrenda katika ngeli ile ile ya saga na sucha, kwa kuwa jikoni kwake vyote ni jamii moja. Mpangilio wake una mantiki, hata kama sitautetea kwenye karatasi ya mtihani.

Na sucha? Ni lisutsa la Waluhya lililokatwa kichwa. Wabukusu wana namasaka, Wajaluo osuga, Wakisii rinagu, Wagikuyu managu, na Kiswahili sanifu kina mnavu. Mimi mwenyewe nimewaambia wanafunzi mara nyingi kwamba managu "si Kiswahili", waandike mnavu. Je, nimewahi kumsikia mtu wa Nairobi akienda sokoni kuomba mnavu? Sijawahi.

Najua hoja itakayoletwa, kwa kuwa nimeitoa mwenyewe katika vikao vingi: kila jamii ikileta jina lake tutakuwa na majina arobaini kwa jani moja, na lugha sanifu itakufa. Hoja hii ina uzito. Lakini tuangalie tumefanyaje na vyakula vingine. Chapati ilikuja na Wahindi, ikaingia bila kuulizwa kitambulisho. Bajia, achari, biriani na pilau pia. Nanasi tulilipata kwa Wareno. Hakuna mwalimu anayekata "chapati" kwenye insha akaandika "mkate bapa wa kigeni". Tumewafungulia mlango waliotoka ng'ambo ya bahari, na jirani aliyetoka ng'ambo ya mto tunamwambia asubiri nje. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, umpe mwenyeji jina la chakula chake.

Kipimo changu ni hiki, na wenzangu wa kamusi wanipinge wakitaka. Jina ambalo limeshaondoka kijijini kwake, likawa linatumiwa na watu wa jamii tofauti wanapozungumza Kiswahili, limekwisha kuwa neno la Kiswahili cha Kenya. Saga, managu, mrenda na terere yamefuzu. Tsisaka na chinsaga ni maneno mazuri ya lugha zao, na yabaki huko. Mgagani, mnavu na mlenda yaendelee kuwa ndugu zao wakubwa katika kamusi, kama vile hoteli na mgahawa yanavyoishi pamoja bila kugombana. Lakini "mboga za kienyeji" hailingani na lolote kati ya haya. Ni jina la kundi, na wala si kundi la mimea bali la mtazamo.

Kiswahili chenyewe, kilipokuwa nyumbani, hakikuwa na uvivu huu. Majani ya muhogo yana jina lake, kisamvu. Majani ya viazi vitamu ni matembele. Aliyeyapa majani hayo majina ni mtu aliyeyachuma na kuyapika, akajua kwamba jani si mzizi. Hata neno "mboga" linatufundisha: kwa Mkenya ni majani na jamii yake, lakini kwa Watanzania wengi mboga ni chochote cha kulia ugali, hata nyama au samaki, na majani huitwa "mboga za majani". Mkenya akikaribishwa Morogoro kwa "ugali na mboga" asishangae kuona samaki.

Tofauti za majina si pambo. Mama wa Chekalini alinieleza, nami nikiwa nimeshika tonge, kwamba saga ni chungu, hivyo huichemsha kwa muda mrefu, akaitia maziwa, na kwake huwa tamu zaidi siku ya pili. "Inalala," alisema, yaani mboga hulala sufuriani ikapashwa moto tena. Mrenda huchanganywa na kunde, ukatiwa munyu, ile chumvi ya asili inayochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ili ulainike. Mitoo ina uchungu wake mwingine. Ukiandika "pika mboga za kienyeji", je, utazichemsha kwa dakika tano au utazilaza? Anayepika saga kama anavyopika sukuma wiki ataila mara moja tu maishani, kisha awaambie watoto wake kwamba mboga za kienyeji ni chungu.

Wataalamu wa mimea hawajafanya kosa letu. Kitabu cha Patrick Maundu na wenzake kuhusu mimea ya vyakula vya jadi nchini, kilichotolewa na Makavazi ya Taifa mwaka 1999, kinataja kila mmea na majina yake katika lugha nyingi za Kenya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi, moja moja. Mnamo Desemba 2021 UNESCO iliziingiza juhudi za Kenya za kukuza vyakula vya jadi katika rejista yake ya mifano bora ya kuhifadhi turathi. Sisi wa lugha ndio tuliobaki na kalamu nyekundu.

Kuku alifika mwisho, na juu ya sahani, peke yake, firigisi. Nilijua maana yake. Katika nyumba za Waluhya firigisi, imondo kwao, haipewi yeyote tu. Ni ya mwenye nyumba au mgeni anayeheshimiwa. Nilishukuru. Nikaila polepole, na saa nane ikawa inakaribia.

Mwalimu wetu mwanafunzi alinisubiri chini ya mti. Nilimsifu kwa alivyofundisha, kisha nikamwonyesha daftari lile. Kwenu ni wapi, nikamuuliza. Bungoma, akajibu.

"Na jani hili mnaliitaje nyumbani?"

Akaliangalia, maana nilikuwa nimebeba kitawi mfukoni. Akacheka. "Chisaka, Prof. Mama hupika kila wiki."

"Sasa mbona ukalikata?"

Alinyamaza kidogo. "Nilikatiwa hivyo hivyo nikiwa shule. Na Prof, mtihani je? Msahihishaji akikutana na 'saga' atampa mtoto alama?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa kuwa baadhi ya wasahihishaji hao nimewafundisha mimi. Nilimwambia kwamba nikisahihisha mimi, atampa. Na kwamba nitalisema jambo hili mahali pa kulisemea, ndipo hapa. Tukaandika pamoja kwenye pambizo la daftari, kwa kalamu ya kawaida: "Saga (pia mgagani). Sentensi nzuri." Kwenye fomu yangu nikaikata ile "masahihisho makini", nikatia saini kando ya mkato, na sikumpunguzia alama hata moja, kwa sababu kosa lilikuwa la kurithi na mmoja wa waliomrithisha alikuwa ameishika fomu.

"Na ngeli yake, Prof?" akauliza nilipokuwa nikifunga mkoba.

"I-ZI. Saga hii, saga hizi ikiwa mafungu. Muulize mwenye hoteli, anaijua."

Jioni nikirudi barabarani nilipita tena pale posho mili kununua mafungu mawili ya kwenda nayo nyumbani. Msichana alikuwa amesharudi, na mrenda ulikuwa umejaa karai. Mama alinifungia saga kwa ugomba, akanikumbusha niilaze usiku mmoja kabla ya kula. "Ukirudi," akasema, "nitakuwekea mitoo. Lakini hiyo ni chungu, mzee. Sijui kama utaweza."